Kabla ya Kuuliza Tupande Nini

Hotuba hii niliitoa Msambweni, Kaunti ya Kwale, mbele ya viongozi wa vikundi vya ufuo na vya misitu, wazee wa kaya (misitu mitakatifu ya Wamijikenda) na maafisa wa mipango. Nimeiandika kutoka kwenye karatasi zangu na kumbukumbu. Mahali watu waliponikatiza nimepaacha kama palivyokuwa.

Assalamu alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wetu wa kaya, nawaamkua kwa heshima zenu. Akina mama wa Gazi, Vanga na Mkwiro, nawaona. Najua baadhi yenu mmetoka nyumbani kabla ya alfajiri, na matatu ya Lunga Lunga haina huruma. Wenyeviti wa BMU, vikundi vya kusimamia ufuo, vijana, na ndugu zetu wa idara ya mipango mliokuja na kompyuta na ramani zenu, karibuni.

Nimepewa dakika 40. Aliyenialika alinipigia simu akasema, "Mzee, utuzungumzie mpango wa kufufua mazingira ya Pwani nzima, kuanzia Vanga hadi Kiunga." Nikapiga hesabu. Pwani yetu ni karibu kilomita 600. Kwa dakika 40, ni kilomita 15 kila dakika. Hiyo ni kasi ya ndege ya Dubai. Kwa hivyo nitaruka juu juu, nitue mahali pachache, na pale nitakapotua tutakaa kidogo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Miaka ishirini na kitu iliyopita nilikuwa afisa wa nyanjani. Tulipata fedha za kupanda mikoko katika ghuba moja ya huku kusini. Sitaitaja, wenyeji wake wamo humu ukumbini na naona wameshaanza kucheka. Zile fedha zilikuwa na tarehe: ziwe zimetumika kabla ya mwisho wa Juni. Mahali pa kupanda tulipachagua kwa sababu palikuwa wazi na karibu na barabara, wageni waweze kupiga picha bila kuvua viatu. Mbegu tulizokusanya zilikuwa za mkoko, zile ndefu za kijani zinazoning'inia kama maganda ya maharagwe, kwa sababu hazina kazi: unaokota, unachomeka topeni, unasonga hatua moja, unachomeka nyingine. Tulichomeka tangu maji yalipokauka hadi yalipotufikia magotini.

Pembeni kulikuwa na mzee mmoja ameketi kwenye ngalawa yake anashona nyavu. Akaniita. "Mwanangu, hapo mnapopanda, mkoko uliwahi kuota?" Nikamwambia utaota. Akauma uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Mimi nimezaliwa hapa. Hapo sijauona. Na babangu hakunambia kama aliuona."

Nilimwona mzee wa watu hajui mambo ya kisasa. Basi kusi lilikuwa limeshika. Bamvua la kwanza, siku zile maji ya bahari yanapojaa na kukauka kupita kawaida, liliondoka na nusu ya miche. La pili likazoa iliyobaki. Nilipokwenda mwezi wa nane nilikuta vijiti kama kumi hivi vimeinama, na mzee yuleyule kwenye ngalawa ileile, na alikuwa na adabu ya kutonikumbusha. Ripoti ilikuwa imekwishaandikwa: miche imepandwa. Na kweli ilipandwa.

Nimetembea na swali la yule mzee tangu siku hiyo, na ndilo nimekuja kuwaachia hapa. Mpango mwingi wa kufufua mazingira huanza kwa kuuliza tupande nini na kiasi gani. Mzee alianza nyuma zaidi. Alitaka kujua hapa palikuwa na nini. Na kama kilikuwapo na sasa hakipo, kimeondolewa na nini? Ukiruka hilo la pili unapanda juu ya ugonjwa.

Hebu tushuke kwenye tope kidogo, maana nyinyi mnalijua kuliko mimi.

Mikoko haikujipanga ovyo. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, husimama mlilana. Nyuma yake unakuja mkoko wenyewe, na mizizi yake iliyopiga magoti kama miguu ya kaa. Kisha muia, kisha mkandaa. Na huku juu kabisa, ambako maji hufika siku za bamvua tu na jua linakausha ardhi mpaka inafanya unga mweupe, yupo mchu. Mchu ni jasiri; utaukuta na kule mbele pia, lakini huku nyuma ndiko wengine wote walikoshindwa. Siku moja ya jua kali pita kwenye mchu, chuma jani, lipitishe ulimini. Ni chumvi tupu. Mti unakunywa maji ya bahari, unayachuja, na chumvi inayobaki unaitoa kwa jasho la majani. Sasa wewe mtu wa mradi unakuja na mbegu za mkoko peke yake, unazichomeka kuanzia mbele hadi nyuma, eti mikoko ni mikoko. Ni sawa na kumpa mpishi wa jahazi usukani siku ya tufani. Si kwamba ni mtu mbaya. Si kazi yake.

Tuje kwenye yale yaliyoondoa.

Gazi, hapo jirani, mikoko iliondolewa na shoka. Miaka ya sabini na themanini ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, na sehemu nyingine zikabaki tambarare tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaanza kupanda pamoja na wenyeji, na miti ikashika. Ilishika kwa sababu kilichoiondoa kilikuwa kimekoma. Tope lilikuwa lilelile, maji yaleyale yanaingia na kutoka. Ukiuondoa mkono wa mkataji, ardhi yenyewe iko tayari.

Sasa nendeni Mwache, nyuma ya Mombasa. Kule shoka halikuwa peke yake. Mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998 zilikuja mvua za El Niño, mnazikumbuka, zile zilizokata madaraja. Milima na mashamba ya bara yakashuka na mto, tope likatua juu ya ile mizizi midogo inayochomoza kama kalamu, ambayo ndiyo pua ya mti. Mikoko ikafa imesimama. Ukipanda Mwache bila kuuliza kule juu kwenye mashamba kunafanyika nini, umempa pumzi mtu huku umemkalia kifuani.

(Sauti kutoka nyuma: "Na ringneti je?")

Nimekusikia, kijana. Ringneti, ule wavu mkubwa wa kuzungushia samaki, tukiianza hatutoki humu leo, na mimi nina dakika zangu. Lakini nitaigusa kwa njia nyingine, subiri.

Diani na Galu, kuna mahali nyasi za baharini zimeliwa mpaka mchanga ukabaki mweupe. Mgeni anafurahi, anaona maji ya buluu. Mvuvi haoni cha kufurahia, maana tafi na pono na changu wanalelewa kwenye zile nyasi. Nani aliyezila? Wale viumbe wa duara wenye miiba wa chini ya maji, wale ambao sote tumewahi kuwakanyaga tukachechemea wiki nzima. Na kwa nini wamekuwa wengi hivyo? Kwa sababu anayewala amekwisha. Kikande, yule samaki mkaidi mwenye meno, kazi yake baharini ni kupasua hao wenye miiba. Tulimvua pamoja na wengine, hana hata bei nzuri sokoni, na alipoondoka wenye miiba wakapata nafasi ya kuzaana. Ndugu zangu, unaweza kupanda nyasi baharini, na wako akina mama huku Wasini na Mkwiro wanaoifanya kazi hiyo kwa mikono yao ndani ya maji, na nawavulia kofia. Lakini ukizipanda mahali ambapo kikande hayupo, umewalimia wenye miiba shamba. Kijana wa ringneti, jibu lako liko humo humo: wavu unaozoa kila kitu unazoa na fundi wa kutengeneza.

Kwa hivyo hata hapa kusini pekee, uharibifu wa aina tatu una sababu tatu. Huku mkataji, kule mto, pale samaki. Dawa ya jino haitibu tumbo. Na mpango mmoja wa Pwani nzima wenye dawa moja iitwayo miche nitaupinga hata kama nitabaki peke yangu.

Nasema hivi nikijua kwamba taifa limejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Lengo zuri. Sina ugomvi na lengo. Ugomvi wangu ni na hesabu. Mche ukihesabiwa siku unapotoka kitaluni, kila mwaka tutakuwa tumeshinda. Uhesabiwe baada ya miaka mitatu, na ahesabu mtu asiyelipwa kwa mche. Ndugu yangu wa mipango, naona unaandika. Andika hilo kwa wino mweusi.

Mpango wa taifa wa mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 umetuhesabia tuna nini. Hekta 61,271 nchi nzima. Lamu peke yake ina 37,350. Kilifi 8,536, Kwale 8,354, Mombasa 3,771, Tana River 3,260. Nimezisoma zote makusudi, maana kuna watu hapa Kwale wanadhani sisi ndio wenye mikoko. Tunao, lakini ukilinganisha na Lamu sisi tuna bustani. Na mpango huo unasema karibu asilimia 40 ya yote imeharibika kwa kiwango fulani. Kuharibika huko hakuonekani kwenye picha ya setelaiti. Kutoka juu ni kijani kibichi. Ingia ndani: boriti na nguzo zimekwisha, zimebaki fito na miti iliyopinda ambayo hakuna fundi anayeitaka. Wazee wa Lamu wanaouza kwa korja, yaani miti ishirini ishirini, wangekwambia hali ya msitu kwa kutazama tu korja iliyolala ufuoni, bila setelaiti.

Sasa mto. Hapa nataka kukaa.

Tunapanga kwa kaunti kwa sababu bajeti ni za kaunti. Tangu 2013 tuna serikali zetu, tunashukuru. Lakini maji hayana kitambulisho. Mto Umba, unaomwaga pale Vanga, haukuanza Kwale. Haukuanza hata Kenya. Unatoka milima ya Usambara, Tanzania, unapita mashamba ya watu wa Tanga, ndipo unavuka mpaka bila pasipoti unakuja kutuingilia baharini. Mkulima wa kule akilima hadi ukingoni, mwanamke wa Vanga anayapata matope yake. Wanazungumza Kiswahili kimoja, wameoana, msibani wanakutana. Ila sijasikia kwamba wameketi meza moja kuzungumza habari ya mto.

Panda kaskazini, Malindi. Ukienda mwezi wa tano utaona bahari nyekundu kama chai ya rangi. Huo ni udongo wa Ukambani na wa mashamba ya kandokando ya Athi, umesafiri na Galana, ukaitwa Sabaki, ukatua Malindi. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika. Walinzi wanaweza kumzuia mvuvi asiingie. Udongo nani atauzuia? Matumbawe yanataka mwanga. Ukiyafunika na vumbi la Machakos umeyazimia taa. Mpango wa kufufua matumbawe ya Malindi, ukurasa wake wa kwanza ungepaswa kuandikiwa Machakos, kwenye matuta ya shamba la mtu ambaye pengine hajaiona bahari.

Na Tana ni kinyume chake. Huko mabwawa ya juu, Masinga na wenzake, yamebadilisha mwendo wa mafuriko, na delta yenye mikoko, mpunga, malisho na maziwa yenye samaki ilizoea kulishwa na mafuriko hayo. Delta ile iliingizwa katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2012, mwaka uleule ambao wakulima na wafugaji waliuana kwa ajili ya ardhi na maji. Nayataja mawili hayo pamoja kwa sababu kwenye makaratasi yako katika faili mbili tofauti, na kule chini ni jambo moja. Baadaye wenyeji na serikali walikaa wakatunga mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, kijiji kwa kijiji, nani achunge wapi na lini, maji yapite wapi. Kama kuna mpango wa Pwani ninaotaka vijana wausome kabla ya kuandika wao, ni ule. Si kwamba umetekelezwa wote. Ni kwa namna walivyouanza.

Niwahamishe sasa, niwapeleke mahali ambapo hapakubaki kitu.

Bamburi. Machimbo ya simenti. Mwaka 1971 René Haller alipewa jangwa la mawe ya matumbawe, hakuna udongo, maji yenyewe yana chumvi, akaambiwa aoteshe miti. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu, na mmojawapo ni mvinje. Mvinje ukakua vizuri tu, ukaangusha majani yake, yale kama sindano. Na hapo kazi ikakwama. Sindano zikajikusanya juu ya jiwe, hazioziki, zina ukali unaofukuza wadudu. Miti ipo na udongo haupo. Unajua nani aliyekuja kuokoa jahazi? Jongoo. Jongoo wetu huyuhuyu mwenye miguu myekundu ambaye watoto wanamgusa ajikunje. Alipoletwa pale akazila zile sindano, na alichotoa nyuma ndicho kikawa udongo. Baada yake ndipo zikaja nyasi, miti mingine, ndege, viboko, wageni wa kulipa kiingilio.

Ninapowaona wafadhili wakija na picha ya twiga katika makabrasha yao, mimi namtafuta jongoo. Mpango una jongoo wake? Yule mdogo asiyepigwa picha ambaye bila yeye miti inasimama juu ya mawe? Na hili si la Bamburi peke yake. Hapa Kwale machimbo ya mchanga wa titani yalifungwa mwisho wa mwaka 2024. Iko ardhi kubwa iliyofunuliwa na kufunikwa tena. Mtakapokaa kuuliza irudi kuwa nini, tafadhali msianze na idadi ya miche.

Wazee wa kaya, naona mnanitazama, mnaniuliza mbona sijawafikia.

Kaya ni mahali ambapo lile swali la mvuvi lina jibu. Hapa palikuwa na nini? Ingia kaya uone. Misitu ile midogo, mingine haizidi hekta thelathini kama Kinondo, ndiyo kumbukumbu ya msitu wa Pwani ulivyokuwa kabla ya mkonge, kabla ya korosho, kabla ya hoteli. Mwaka 2008 UNESCO waliingiza kadhaa kati yake katika urithi wa dunia. Lakini kabla ya UNESCO palikuwa na kaniki. Ukienda Kinondo unafungwa kaniki nyeusi kiunoni na unaambiwa hutoki na kitu, hata jani. Hiyo ni sheria iliyodumu bila askari kwa miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Mbegu za miti ya asili ya kupanda pwani, zitatoka wapi kama si humo? Ila hapa lazima niseme: mbegu za kaya haziokotwi na mradi. Zinaombwa kwa wazee, na wazee wana haki ya kusema hapana.

Tatizo la kaya ni upweke. Kila moja ni kisiwa. Mbega wa Diani alikuwa anatoka mti hadi mti. Barabara ikapita katikati, akawa anagongwa na magari. Wakatokea watu wakamfungia ngazi za kamba juu ya barabara, na anazitumia, nimemwona kwa macho yangu, mama na mtoto tumboni, anavuka juu ya tuktuk kama mtu anayekwenda kazini. Ile ngazi ni mpango mzima kwa mfano mmoja: hakupewa msitu mpya, alirudishiwa njia. Tunahitaji ngazi kama hizo za ardhini, ushoroba wa miti kati ya kaya na kaya, kati ya Shimba Hills na bahari. Na ushoroba huo unapita kwenye mashamba ya watu, hapana njia nyingine.

Ndipo tunapofika kwenye lile ambalo ramani hailionyeshi.

Mtu wa Pwani akisikia neno hifadhi, mgongo unamsisimka. Ana sababu. Wengi humu wanakaa kwenye ardhi ya mababu bila hati, na kila mpango mkubwa aliowahi kuuona ulianza na mkutano mzuri kama huu, chai na mahamri, ukamalizika na uzio. Mkichora rangi ya kijani juu ya shamba la mtu asiye na hati, hamjachora msitu, mmechora hofu, na mtu mwenye hofu hukata mti leo kabla hajanyimwa kesho. Sheria ya Ardhi ya Jamii ipo tangu 2016. Ninaiomba idara ya ardhi iketi katika kamati ya mpango huu tangu siku ya kwanza, isiitwe siku ya uzinduzi.

(Mama mmoja: "Na kuni je? Tutapika na nini?")

Ahsante mama. Watu wa Gazi wamekwishalijibu swali lako. Mradi wao, Mikoko Pamoja, ulianza mwaka 2013, wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni ya mikoko, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti inaifyonza. Hekta 117, vijiji viwili, Gazi na Makongeni. Kila mtu anajua habari ya kaboni, na maji yaliyovutwa na vitabu vya shule vilivyonunuliwa kwa fedha zake. Kinachosahaulika ni kwamba walipanda na mvinje pembeni, nchi kavu, ili anayetaka nguzo na kuni asirudi kwenye mikoko. Wangepanda mikoko bila mvinje, wangekuwa wamewahamisha wakataji kutoka ghuba moja hadi nyingine. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata na hekta 460.

Na kuhusu hiyo kaboni niseme ukweli wa mzee. Ni fedha nzuri, si nyingi. Gazi ni karibu tani 3,000 kwa mwaka, na bei haipangwi Gazi. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi, ilivyorekebishwa 2023, inataka miradi ya ardhini itoe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka baada ya gharama. Hilo neno la mwisho, gharama, lisomeni mara mbili kabla ya kutia sahihi. Atakayekuja kijijini na mkataba wa miaka thelathini na kalamu mkononi, mwambieni akae, anywe madafu, arudi wiki ijayo. Akiwa mkweli atarudi.

Kuna aina moja ya kufufua ambayo haina mradi na haina kitalu, nayo ni kuacha. Kuruwitu, kule Kilifi, mwaka 2005 wavuvi walikubaliana wenyewe kutovua katika kipande cha bahari cha kama hekta thelathini. Hawakupanda chochote mwanzoni. Waliacha tu. Kuacha ni kazi ngumu kuliko kupanda, kwa sababu anayepanda anaonekana na anayeacha anaitwa mvivu, na jioni ana watoto wa kulisha. Miaka ya mwanzo walitukanwa na majirani. Samaki walirudi, na samaki hawajui mpaka wa eneo, wanatoka nje, na huko nje ndiko wanakovuliwa. Bahati mbaya mstari wa bajeti unaoitwa "kuacha" haupo katika kaunti yoyote. Ndugu wa mipango, mnaweza kuutunga? Uwe wa kumlipa mtu mafuta ya kulinda, na kumfidia mvuvi miaka miwili ya kwanza mpaka bahari yenyewe ianze kumlipa.

Na kuna kuacha nafasi. Mikoko hutembea. Bahari ikipanda, mikoko hujongea nyuma, kizazi kwa kizazi, mbegu zikitangulia. Tukijenga ukuta nyuma yake, au barabara, au bwawa la chumvi, tumeibana kati ya maji na saruji. Kwa hivyo ile chumvi tambarare iliyo nyuma ya mchu, ambayo kila mwenye kiwanja anaiona ni ardhi ya bure, mimi naiomba iandikwe katika mpango kwa jina lake. Ndiyo shamba la mikoko ya wajukuu. Kuna mtu ameshaanza kuijaza kifusi, sitamtaja, lakini malori yake tunayaona.

Mipango ya maendeleo ya kaunti ya sasa inakwisha 2027. Ile inayofuata itaanza kuandikwa karibuni, na ndani yake ndimo fedha zinamolala kwa miaka mitano. Mpango wa mazingira usiokuwa na fungu mle ni shairi, na mashairi Pwani tunayo, mazuri zaidi.

Nimeonyeshwa saa. Niseme moja la mwisho, la kazi.

Alhamisi ni bamvua. Saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekauka kabisa. Nimezungumza na mwenyekiti, tutakwenda kwenye ile ghuba yangu ya aibu, wote mnaoweza. Wa mipango njooni na ramani zenu, lakini mzikunje mtie mfukoni mpaka tutakaporudi. Msivae viatu vya kamba. Yule mzee wa ngalawa ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, ila binti yake anaokota pweza palepale na amekubali kutupeleka. Anasema upande wa pili wa mlango wa ghuba, ambako sisi hatukupanda kitu, kuna milango ya kaa mingi kuliko zamani na mililana michanga imeanza kuota yenyewe. Sijaiona. Nataka tukaione pamoja, na tumuulize yeye kwa nini pale na si hapa.